Kigingi Chini ya Kihenge cha Mama Mkwe

"Ni mama."

Maneno mawili tu, wadau. Mume wangu Masele aliyatamka huku kanyoosha kidole, na pale kidole kilipoishia alikuwa amekaa chini mama yake mzazi.

Nyuma yake wanaume kama arobaini wenye pinde. Mishale imeshakaa kwenye kamba!

Na mimi? Nimesimama pembeni, mtoto mgongoni, jasho linanitiririka mpaka kwenye nyayo...

Kwa sababu kile kitu walichokifukua chini ya kihenge hakikuwa cha mama mkwe.

Kilikuwa changu!

Na Masele alijua. Alijua vizuri sana, maana jembe lililokizika alilishika yeye kwa mikono yake miwili.

Haya, kaeni vizuri. Mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, mboga ikiungua mtasema ni mimi.

Mwaka ulikuwa 1983. Kijiji chetu kiliitwa Mwabusesa, nyumba thelathini na kitu. Ukisimama uani asubuhi unauona mji wa Shinyanga ng'ambo ya mbuga, mabati yanametameta, treni inapiga honi. Nilipoolewa pale, kwenda mjini ilikuwa safari ya kufunga chakula. Miaka minne baadaye, tulikuwa tunasikia adhana yao na wao wanasikia majogoo yetu.

"Mji unatembea," mama mkwe alikuwa anasema. "Tena unakuja huku, na haupigi hodi."

Mama mkwe aliitwa Mageni. Mjane, mwembamba, mtani kupita kiasi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana ndicho tulichopikia, miti ilishakwisha zamani. Mimi nilimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alikuwa na majaruba manne ya mpunga aliyoachiwa na mumewe, na ndiyo yaliyotulisha sote.

Mwezi wa sita wapimaji wakaja.

Landrova ya serikali. Bosi anachungulia darubini ya miguu mitatu. Kijana wa mjini, Maulidi, anavuta mnyororo wa kupimia katikati ya majaruba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmepoteza nini humo?"

"Hatujapoteza, mama. Tunapima viwanja. Mji unapanuka."

"Unapanukia kwenye mpunga wangu?"

Maulidi akacheka kwa aibu. "Mimi navuta mnyororo tu, mama."

Wakapigilia vigingi vya chuma kwenye mstari mmoja, kutoka barabarani mpaka mbugani. Kila kigingi kina namba yake na kitambaa chekundu cha kuonekana mbali. Chetu kilikuwa namba kumi na nne. Kiko katikati ya jaruba kubwa, kimesimama kama mkwe asiyealikwa. Wakaondoka, wakasema watarudi baada ya mavuno ya mwakani.

Siku tatu mayu hakutania mtu. Mimi nikaogopa kuliko kama angelia.

Ndipo nikajiona mjanja!

"Masele," nikamwambia mume wangu, "kigingi kisipokuwepo, watajuaje wapi pa kuanzia?"

"Ni mali ya serikali, Mama Generosa. Watu wanafungwa."

"Kwani kitasema nani kaking'oa?"

Mchana mmoja watu wamekwenda mnadani, tukakitikisa mpaka kikatoka. Tukakizika chini ya kihenge cha mtama uani kwa mayu, nani atachimba chini ya chakula? Tangu siku ile sikuthubutu hata kuutazama ule mstari wa vigingi, na kiangazi hakuna aliyekuwa na kazi majarubani.

Sasa ule ujinga wangu ni huu. Kile kitambaa ningekichoma. Lakini mliokuwepo mwaka ule mnajua, nguo madukani hakuna, sabuni hakuna, watu wanavaa magunia. Kitambaa kipya, chekundu, kizito, nikichome? Nikakizungushia kwenye chuma, nikasema kiangazi kijacho nitamshonea Generosa kikofia.

Kiangazi hakikusubiri kijacho. Kilikataa kuondoka.

Mwezi wa kumi na moja mvua hakuna. Wa kumi na mbili mawingu yanakuja, yanasimama juu yetu kama yanatuchungulia, halafu yanagawanyika. Kijiji cha jirani kinapata. Sisi vumbi. Ukafika mwezi wa kwanza wa 1984, majaruba yamepasuka mpaka mguu wa mtoto unazama.

Na kwetu, jamani, chekundu na mvua havipatani kabisa. Mawingu yakikusanyika, mwenye nguo nyekundu anaivua anaificha. Kondoo wa kuombea mvua ni mweusi tii. Chekundu kinaifukuza.

Nikaanza kukosa usingizi.

"Masele, ni sisi. Ni kile kitambaa."

"Nyamaza."

"Tukifukue!"

"Lini? Mchana watu wote wako nje wanatazama mawingu. Usiku sungusungu wanazunguka, na mimi mwenyewe ni sungusungu. Nijikamate?"

Ningecheka, ila meno yalikuwa yanagongana.

Sungusungu walikuwa wameanza kwetu mwaka ule. Vijana wanaita jeshi la jadi, sisi tuliwaita kwa kunong'ona. Pinde, mishale, filimbi. Walimaliza wizi wa ng'ombe, hilo siwanyimi. Lakini walipomaliza wezi wakageukia wachawi, na mchawi kwao alikuwa bibi yeyote mwenye macho mekundu. Kiongozi wao walimwita ntemi, jina la machifu wa zamani. Wa kwetu alikuwa Marselino, jirani yetu, mtu wa miraba minne ambaye hata mbwa walimwamkia.

Marselino akaleta nfumu kutoka mbali, yaani mganga. Akapiga ramli mbele ya kijiji kizima.

"Kuna kitu chekundu," nfumu akasema, "kimelala chini ya ardhi ya kijiji hiki. Ndicho kilichofunga mvua."

Wadau! Nilihisi maziwa yananikauka kifuani hapohapo.

Kesho yake alfajiri filimbi zikalia. Ikilia vile hakuna anayebaki ndani, awe mgonjwa, awe mzazi. Tukatolewa wote. Na upekuzi haukuanzia mwanzo wa kijiji wala mwisho wake. Ulianzia kwa wajane wazee.

Nyumba ya kwanza... yetu.

Walichomachoma ardhi kwa fimbo ya chuma. Zizini, hakuna. Jikoni, hakuna. Chini ya kihenge...

Tii!

Wakakifukua. Kitambaa bado chekundu kama kimenunuliwa jana. Wakakitupa katikati ya uwanja na kila mtu akaruka nyuma. Watu wote wale walikitazama, na hakuna hata mmoja aliyekitaja jina. Mimi kwa hofu sikujiuliza kwa nini.

Marselino akageuka. "Masele. Wewe ni askari wetu. Nani kazika hiki?"

Nikafumba macho. Nikasema basi, leo ndiyo leo.

"Ni mama," akasema Masele.

Hapo ndipo mlipokuja, karibuni tena.

"Mayu Mageni," Marselino akasema, "umemsikia mwanao?"

"Nimemsikia. Masikio mazima, macho ndiyo mnayogombana nayo."

"Ni kweli?"

"Mwanangu sikumlea kusema uongo."

"Mvua umeifunga kwa nini?"

"Nimezeeka, Marselino. Wazee tuna mambo yetu."

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza mwenyewe.

"Mfungeni," Marselino akasema. "Mpelekeni mbugani."

Mbugani! Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka uliotangulia, bibi mmoja wa kijiji cha jirani alipelekwa mbugani. Walirudi na kanga yake tu.

Nikamtazama Masele. Anatazama chini, machozi yanadondoka kwenye vidole vya miguu. Nikamchukia kuliko nilivyowahi kuchukia mtu. Lakini msinipigie makofi bado, maana hapa ndipo sitawadanganya.

Mimi pia nilinyamaza.

Nilisema moyoni, Generosa ana miezi minane. Nikisema, ni mshale. Nikikosa mshale, ni jela, kigingi ni mali ya serikali. Mayu amekula chumvi yake. Ndiyo, niliyawaza hayo! Kwa kichwa hikihiki kinachowachekesha.

Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani. Wakamwinua. Wakaanza kutembea naye.

Njia ya kwenda mbugani ilipita mbele yangu. Alipofika karibu akapunguza mwendo, akanitazama. Nikadhani atanilaani. Nikajikunyata.

"Mfunike mtoto," akasema. "Jua limeanza kuwa kali."

Akapita.

Wakamsukuma mbele. Nikamwona mgongo. Kanga yake ilikuwa imekaa upande na mikono imefungwa, hawezi kuiweka sawa...

"NI MIMI!"

Sikuitambua sauti. Mpaka Generosa alishtuka akalia.

"Nimekizika mimi! Mayu hajui kitu! Mwacheni!"

Msafara ukasimama. Marselino akarudi taratibu, akanitazama kama mtu anayetazama ndama mwenye miguu mitano.

"Mkamwana mwenye adabu," akasema. "Anataka kufa kwa ajili ya mkwewe. Mpelekeni ndani, amechanganyikiwa."

Hawakuniamini! Fikiria, umeogopa kusema miezi, unasema, watu wanakusifu malezi!

"Siyo adabu! Hicho siyo hirizi! Kisomeni, kina namba! Kumi na nne! Ni kigingi cha wapimaji, nimeking'oa jarubani kwetu!"

Hakuna aliyeinama kukisoma.

"Hamniamini? Twendeni basi majarubani, sote! Mtaiona kumi na tatu pale kwako, ntemi, na kumi na mbili kwa katekista, na kumi na tano kwa Apolonia! Ziko kwenye mstari. Mtaona pengo liko kwetu peke yetu!"

Sasa tazameni. Wanaume kama arobaini waliokuwa na haraka ya kwenda mbugani... hakuna aliyenyanyua mguu!

Mmoja anakuna shingo. Mwingine anakagua mshale wake kama ameuona leo. Katekista amepata kitu cha kuangalia angani, na angani hakukuwa na kitu.

"Twendeni!" nikapiga kelele. "Mnaogopa nini?"

"Nyamaza, mwanamke." Sauti ya Marselino ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imekonda.

"Ni hatua mia mbili tu, ntemi!"

"Nimesema nyamaza!"

Na akaunyanyua upinde. Akaulenga kwangu. Kwangu, na mtoto mgongoni! Masele akaja mbio akasimama mbele yangu, mikono kaitanua, hana hata fimbo.

"Ntemi, nipige mimi."

"Toka!"

"Sitoki."

Nikafumba macho. Mkojo ulinitoka, nisiwafiche.

"Marselino, teremsha huo upinde."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Paskazia, mke wa ntemi mwenyewe. Mama mpole, hata kuku akimfukuza anamwomba radhi. Ametoka katikati ya wanawake, anamfuata mumewe moja kwa moja.

"Rudi nyumbani, Paskazia."

"Nikirudi nitarudi na nini? Na kumi na tatu?"

"Paskazia!"

"Iko chini ya mtungi wetu wa maji!" Sasa alikuwa analia. "Kila siku nachota nikijua iko pale. Na kitambaa chake umekishonea ndani ya podo lako, mishale isikwaruze. Kigeuze wakione!"

Kijiji kizima kikatazama lile podo begani kwake. Ntemi akalifunika kwa kiwiko, kama mtoto aliyeficha sukari.

Ndipo Apolonia akasema kutoka nyuma, taratibu:

"Ya kwetu iko zizini."

Halafu mke wa katekista:

"Chini ya kitanda. Tuliifunika na mkeka wa sala."

Halafu mwanaume mmoja, kwa hasira kabisa, utadhani tumemwibia:

"Yangu niliitupa kisimani! Kitambaa ninacho!"

Vigingi saba, wadau. Saba! Kila mwenye jaruba aling'oa cha kwake, akakizika kwa siri, akabakiza kitambaa kwa sababu nguo haikupatikana. Kila mmoja miezi yote ile anatazama mawingu yanagawanyika, anasema moyoni: ni mimi. Na kila mmoja, alipoona chuma kimefukuliwa kwa bibi mwenye macho mekundu, alishusha pumzi: afadhali iwe yeye.

Wangeanza upekuzi kwa Marselino, tungekuwa tumemfunga Marselino.

Na yule nfumu? Alishapanda baiskeli na mbuzi wake. Baadaye tukaambiana ukweli. Wiki zile, watu watano wa kijiji chetu walimwendea kwa kificho, mmoja mmoja, kila mmoja akimuuliza: "Nimezika kitu chekundu, je, ndiyo mimi niliyefunga mvua?" Sasa hata wewe na mimi tungekosea ramli hapo?

Hakuna aliyeomba msamaha. Waliondoka wawiliwawili bila kutazamana. Kamba ya mayu aliifungua Paskazia kwa meno, maana vidole vilikataa.

Tukabaki watatu na mtoto.

Nikachukua mchi. Siwadanganyi, nilichukua mchi wa kutwangia na nikamfuata Masele.

"Mama yako! Mama yako mzazi! Ulimtaja hata bila kumeza mate!"

Hakukimbia. Alipiga magoti akainamisha kichwa, kama anasubiri kwa hamu.

"Weka huo mchi chini," mayu akasema.

"Mayu, huyu..."

"Nilimtuma mimi."

Mchi ukanidondoka.

"Filimbi ya kwanza ilipolia nilimwita," akasema huku anajisugua mikono. "Nikamwambia, wakikipata, nitaje mimi kabla hujapata muda wa kufikiri. Akakataa. Nikamwapiza kwa maziwa niliyomnyonyesha. Angefanya nini?"

"Ulijua kiko pale?"

"Mlichimba chini ya kihenge changu mchana, mimi nimejilaza nyuma ya ukuta. Mnagombana kwa kunong'ona kama bata. Nilifurahi sana siku ile. Nilisema, kumbe nimepata mkamwana."

"Lakini wangekuua!"

"Wangeniua, ndiyo. Na wewe wangekuua. Mimi sina anayeninyonya."

Nilikaa chini. Nililia mpaka Generosa akanishangaa.

Mvua ilikuja wiki tano baadaye, kidogo, ikanyesha kwa wote, waliozika na wasiozika. Mwezi wa saba Maulidi akarudi na mnyororo wake, akapigilia vigingi vipya palepale, na hakuna aliyevigusa. Leo jaruba kubwa lina fremu za maduka. Mji ulifika. Ungefika tu, hata tungeng'oa chuma chote cha dunia.

Mayu aliishi miaka kumi na moja zaidi. Masele hakurudi tena kwenye sungusungu, na filimbi ikilia popote, mpaka anakufa, alikuwa anasimama ghafla na kushika ukuta.

Mtaniuliza nimejifunza nini.

Mnataka niseme msing'oe vigingi? Ng'oeni, mtajua wenyewe. Nimejifunza kwamba wengi wanaponyoosha kidole kwa mtu mmoja kwa umoja wa ajabu, bila hata mmoja kuuliza swali la kijinga, ujue pana kitu kila mmoja anakificha. Uliza hilo swali la kijinga. Uliza mapema.

Siku ile jioni nilimuuliza mayu, kwa sauti ndogo, kama alijua kwamba mwanzoni nilikusudia kunyamaza.

Alikuwa anapepeta mtama. Hakunyanyua kichwa.

"Nilikuwa nahesabu hatua," akasema. "Ulisema nilipofika ya ishirini na sita."

"Nisamehe, mayu."

"Nimeshakusamehe. Lakini zilikuwa nyingi, mwanangu. Miguu yangu ni mizee."

Basi wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu anayetembezwa kwa kosa lako sasa hivi, kazini, nyumbani, popote, usimwache afike hatua ya pili.